Kimea Kimoja Kinatosha

Tabata, Dar es Salaam

Shoga yangu,

Hujambo? Mama anaendeleaje huko Moshi? Huku wazima, ila joto halisemeki.

Umeniuliza uchanganye vimea vingapi kwenye bia yako ya kwanza. Kimoja tu! Kimea cheupe cha shayiri, hopsi (yale maua makavu machungu ya bia) aina moja, na hamira ya bia. Ukirundika vimea vinne, bia ikiwa tamu hutajua usifie kipi, ikiharibika hutajua ulaumu kipi.

Kwa lita 10, kilo mbili na nusu za kimea zinatosha. Usikipeleke kwenye mashine ya unga, tafadhali. Kimea kinatakiwa kupasuka tu, ganda libaki, maana ganda ndilo litakalokuchujia. Kikisagika laini utapata uji, na utachuja mpaka kesho. Mimi nakitwanga kwenye kinu kidogo kidogo; punje zikishapasuka, naacha. Halafu naloweka kwenye maji ya nyuzi 66 au 67, nafunika, sufuria naizungushia blanketi kwa saa nzima. Onja mwanzoni, onja na mwishoni: wanga umegeuka sukari, midomo inanata.

Chuja, kisha chemsha na hopsi saa moja. Hapo sina la kukufundisha wewe Mchaga. Hopsi ni msesewe wa Wazungu, kama lile gome chungu mnalotia kwenye mbege yenu ya ndizi: inakata utamu.

Ikishapoa unatia hamira, na kasheshe ni hapo kwenye kuchachusha. Hamira nyingi za bia hii zinapenda nyuzi 18 hadi 22, na Dar hizo tunazisikia tu. Joto likizidi bia inanuka tina, na kichwa cha kesho yake usiniulize. Ndoo naiweka kwenye beseni la maji, naivisha kanga iliyolowa ncha zake zikiwa majini, feni inaipuliza, chupa za barafu nabadilisha asubuhi na jioni. Umeme ukikatika ndiyo basi tena. Ipo hamira ya kienyeji ya Norwei, kveik, isiyojali hata nyuzi 35. Ukiipata, beseni lirudi kufulia. Ila wewe na baridi yako ya Julai, barafu ya nini?

Acha wiki mbili, hakikisha imetulia kabisa, ndipo utie kwenye chupa na sukari gramu 6 kwa lita. Usizidishe, chupa zitapasuka. Halafu subiri wiki mbili nyingine. Najua mama atacheka, mbege ingekuwa imeshanywewa na kusahaulika.

Ukipata muuza kimea huko niambie bei yake, changu kinakaribia kuisha. Msalimie sana mama.

Ni mimi shoga yako,
Mama Pendo