Tufungulieni chumba cha kompyuta, vijana wajifunze kutua ndege

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo halijanitoka moyoni tangu kikao cha wazazi katika shule moja ya sekondari hapa Mtwara, ambapo niliomba kompyuta moja tu itengwe kila Jumamosi kwa ajili ya vijana wanaotaka kufanya mazoezi ya kutua ndege, nikajibiwa mbele ya watu kwamba kompyuta za shule hazikuletwa kwa ajili ya michezo. Watu walicheka, nami nikacheka nao, maana mzee wa miaka 68 anayeomba ruhusa ya kurusha ndege isiyokuwapo hana budi kuchekwa. Hata hivyo jibu lile halikuwa sahihi, na kwa kuwa pale kikaoni sikupewa muda wa kueleza, naeleza hapa.

Nilifundisha fizikia hadi nilipostaafu. Baadaye nilinunua kompyuta iliyokwisha kutumika, na malipo ya korosho yalipoingia nikaongeza fimbo ya kuongozea, ile inayochomekwa kwenye kompyuta na kushikwa kama usukani wa rubani. Programu ninayotumia inaitwa FlightGear. Hutengenezwa na watu wanaojitolea tangu miaka ya 1990, hutolewa bure, na ndege yake ya kuanzia ni Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja na viti vinne ambayo marubani wengi duniani walijifunzia. Zipo programu zenye picha nzuri zaidi, lakini ile ya Microsoft ya mwaka 2020 ilidai nafasi ya gigabaiti 150, na kwa bei ya bando huku kwetu hayo tuwaachie wenyewe. Mimi programu yangu pamoja na ramani ya ukanda wetu wa kusini nililetewa kwenye flashi moja.

Uwanja wa Ndege wa Mtwara uko kusini mwa mji, futi 371 juu ya usawa wa bahari. Njia yake kuu ya kurukia na kutulia imelala karibu sawasawa kaskazini na kusini, na ndiyo sababu ncha zake zinaitwa 01 na 19, yaani nyuzi 10 na nyuzi 190 za dira. Anayetua kwa njia ya 19 huingia akitokea baharini, akaiacha bandari, kisha mapaa ya mji yakapita chini ya magurudumu. Kompyuta huniweka maili tatu za baharini kabla ya uwanja, na kuanzia hapo kazi ni ya hesabu kabla haijawa ya mikono. Mteremko wa kutua ni wa nyuzi 3, na mwanafunzi anayejua tanjenti atapata mwenyewe kwamba ndege inatakiwa kushuka futi 318 katika kila maili ya baharini, ingawa marubani husema 300 ili wasiumize kichwa. Kwa hiyo maili tatu nje, altimita, yaani kipima kimo, isome futi 1,300 hivi. Cessna huja kwa mwendo wa noti 65, yaani maili 65 za baharini kwa saa. Zidisha kwa tano upate 325, na hizo ndizo futi za kushuka kila dakika. Safari nzima ya kutoka hapo hadi lami haifiki dakika tatu.

Mwezi wa kwanza niliangusha ndege kila jioni. Nilikuwa naufukuza mshale wa kipima mwendo: ukipanda naivuta fimbo, ukishuka naisukuma, na ndege ikawa inayumba kama mashua yenye nahodha mlevi. Nilipoacha kuufukuza, nikaweka pua mahali pamoja na kuacha injini ndiyo ishughulike na kimo, mambo yakaanza kutulia. Ikabaki ile sehemu ya mwisho, futi 20 za mwisho, ambayo nadhani ndiyo inayowafanya wengi wakate tamaa. Ukiinua pua mapema, ndege inapaa kidogo, inaishiwa mwendo, inadondoka kwa kishindo. Ukichelewa, gurudumu la pua ndilo linalogonga kwanza, nayo inadunda. Dawa yake iko machoni. Usitazame lami iliyo mbele ya pua, tazama mwisho kabisa wa njia. Kingo zake zitaanza kutanuka pande zote mbili, na hapo ndipo unapopunguza injini hadi mwisho na kuizuia ndege isiguse, unaendelea kuizuia, mpaka yenyewe ichoke na kukaa kwa magurudumu ya nyuma. Siku nilipoipata kwa mara ya kwanza nilimwita mke wangu jikoni aje aone, akatazama kioo akaniuliza kama nimeshakula.

Ramani yangu ina uwanja wa zamani, wenye njia ya mita 2,258 kwa urefu na mita 30 kwa upana, ilhali njia ya sasa imerefushwa hadi mita 2,800 na kutanuliwa hadi mita 45. Nilidhani tofauti hiyo ni ndogo mpaka niliporekebisha vipimo, nikaanza tena kuinua pua nikiwa bado juu mno. Jicho lililozoea njia nyembamba likikutana na njia pana hudhani ndege iko chini kuliko ilivyo. Hili ni jambo linalofundishwa marubani wa kweli, nami nililiona kwa macho yangu nikiwa nimevaa msuli sebuleni.

Kisha uje upepo. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa kusi, upepo utokao kusini. Upepo wa noti 12 ukitoka nyuzi 140, kwa anayetua njia ya 19 unampiga kutoka kushoto, na sehemu inayomsukuma ubavuni ni kama noti 9. Mwanzoni nilielekeza pua kwenye njia na kushangaa kwa nini naishia kwenye nyasi za kulia. Anayevuka maji kwenda Msangamkuu, ng'ambo ya mji wetu, angenicheka, kwa sababu nahodha wa pale haelekezi omo, yaani pua ya chombo, anakokwenda. Huielekeza upande wa joshini, unakotoka upepo, na chombo kinafika kwa kupinda. Ndege nayo ni hivyo hivyo, isipokuwa kabla ya kugusa lami lazima pua irudishwe sawa kwa pedali ya kulia na bawa la joshini liinamishwe kidogo, ili gurudumu la kushoto litangulie kukaa. Kijana wa Mtwara aliyekulia kwenye mashua ana jambo la kuanzia hapa ambalo kijana wa bara hana, na inasikitisha kwamba hakuna anayemwambia.

Lakini kilichonifanya niende kuomba chumba cha kompyuta ni daftari. Mjukuu wangu, ambaye sasa ananishinda, nilimwekea sharti moja: ndege ikifika futi 500 juu ya ardhi, mwendo, mstari na kasi ya kushuka viwe sawa, la sivyo aghairi, aongeze injini, apande, azunguke aje upya, na akitua bila kutimiza hayo, hata kama magurudumu yamekaa laini kama pamba, haihesabiki. Mashirika ya ndege hutumia sharti la namna hiyo hiyo, futi 500 kukiwa kweupe na futi 1,000 kukiwa na mawingu. Daftari linaandikwa kila jioni. Ukurasa ninaoupenda una majaribio kumi: sita “nimeghairi”, matatu “nimetua”, na moja limeandikwa “ajali, chanzo luku kuisha”. Kumfanya kijana wa miaka 15 akubali mara sita kwa jioni moja kwamba hakujipanga vizuri, aanze upya bila kununa, ni kazi ambayo katika miaka yangu yote ya ualimu sikuwahi kuifanikisha kwa chaki.

Sisemi kwamba huko ni kuwa rubani. Kiti cha sebuleni hakikukandamizi ndege inapokata kona, tumbo halipandi, hofu haipo, na kioo kimoja hakionyeshi kilichoko pembeni. Leseni ya rubani binafsi huanzia saa 40 angani, na za nyumbani haziingii humo hata moja. Kuna na mazoea mabaya, hasa la kukodolea vipimo macho badala ya kutazama nje, ambalo mwalimu wa kweli atalazimika kulitoa kwa shida. Tena anayetumia vibonye vya kompyuta badala ya fimbo asijisumbue, na kompyuta ikiwa nzito kiasi kwamba picha inachelewa kufuata mkono, kijana atajifunza kuvuta mara mbili panapotakiwa mara moja.

Pamoja na hayo, waliosema huu ni mchezo wafikirie kwamba maneno hayo yalishasemwa. Mwaka 1929 Edwin Link, kijana wa Binghamton huko Marekani ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha vinanda, alitengeneza kijindege kisichoruka kwa kutumia mivukuto ile ile ya vinanda, na wateja wake wa kwanza wakawa viwanja vya burudani. Jeshi la nchi hiyo lilikigeukia kwa mafunzo ya marubani mwaka 1934, baada ya kukabidhiwa usafirishaji wa barua kwa ndege na kupoteza marubani wake kwenye hali mbaya ya hewa.

Ninachoomba, Ndugu Mhariri, ni kidogo. Walimu wakuu wa Mtwara na Lindi wenye vyumba vya kompyuta vinavyofungwa tangu Ijumaa mchana hadi Jumatatu waruhusu kompyuta moja yenye nguvu ya kutosha itumike Jumamosi asubuhi, chini ya mwalimu wa fizikia au wa hisabati. Programu ninayo kwenye flashi, fimbo ninayo, na daftari la pili nimekwisha kulichora mistari. Nitakuja na luku yangu mwenyewe kama hiyo ndiyo hoja.

Mwalimu Mstaafu,
Chikongola, Mtwara