Dada, kuhusu picha ile ya Entebbe

Dada,

Maneno haya nimeyaandika kwenye simu mara nyingi nikayafuta. Leo nayaweka hadharani, kwa kuwa na wewe, ulipoiona picha yangu, ulinisema kwa sauti hadharani, mbele ya shangazi na baba mdogo, mbele ya watoto wa mama mkubwa ambao hata sijui nani aliwaingiza kwenye kundi la familia.

"Wenzetu wana raha zao Kampala. Sisi huku tunasoma khitma."

Nimeisikiliza sauti ile mpaka najua ulipovuta pumzi. Nyuma yako sufuria zinasuguliwa uani, na mtu anauliza bizari iko wapi. Ilikuwa arobaini ya mama. Nilijua ni arobaini, Dada. Ule mchele mliopika siku hiyo, pesa yake ilitoka wapi?

Picha yenyewe naikumbuka: nimekaa ufukweni, mbele yangu sato mzima wa kukaanga, nacheka mpaka magego yanaonekana. Kilichotangulia hukukiona. Wenzangu wa hosteli pale Kikoni, jirani na Chuo cha Makerere, walikuwa wamechoka kuniona sili, natoka darasani najifunika kanga gubigubi mpaka asubuhi. Siku ile wakanitoa kwa nguvu, wakanilipia nauli. Mmoja wao, binti wa Masaka, akaanza kumwigiza mwalimu wetu alivyopigwa teke na ndama kwenye mafunzo ya vitendo. Kicheko kikanitoka. Tangu mama aondoke nilikuwa sijacheka, na kilipotoka tu mtu akapiga picha.

Mama alifariki alfajiri, akazikwa baada ya alasiri. Kutoka Kampala mpaka Tanga, hata ukipata basi saa ileile, unalala njiani: Nairobi, Namanga, Arusha, ndipo uitafute Segera. Maiti haingoji. Wewe mwenyewe uliniambia kwenye simu, "Usije, utakuta tumeshamaliza." Wewe ulimwosha mama, mimi sikumwosha. Hilo ndilo linaloniamsha usiku, na neno lako limekuja kukaa juu yake.

Wasichana wa korido yetu walikuja mmoja mmoja kunipa pole kwa Kiganda, "Kitalo nnyo," wakachanga mabugo, yaani rambirambi, kama wanavyochangiana wao kwa wao wanapofiwa. Sikuwaomba. Kiswahili huku nazungumza na askari wa getini na Wakenya wa ghorofa ya chini, basi. Sauti yako ndiyo iliyokuwa nyumbani kwangu. Ndiyo maana ilinichoma vile.

Kila mwaka hutoka ile Ripoti ya Furaha Duniani. Finland inaongoza mfululizo tangu 2018, Uganda na Tanzania tuko huko chini. Nilipoisoma, nafasi hazikunishughulisha. Kilichonishika ni swali mojawapo wanaloulizwa watu: ukipatwa na shida, una ndugu au rafiki wa kumtegemea wakati wowote? Zamani ningejibu kabla swali halijaisha. Ni wewe. Wewe uliyeuza cherehani nipate ada ya muhula wa kwanza. Wewe uliyenisindikiza stendi na chupa ya chai, ukanionyesha namna ya kushonea pesa kwenye pindo la sketi. Leo kwa nini nikilijibu swali lile nawataja watu ambao hawajui hata kwetu Ngamiani ni barabara ya ngapi?

Baba alipenda kutuambia Mwalimu Nyerere alisoma Makerere, 1943 mpaka 1945. Kila alipolisema alinitazama mimi. Mlinituma wote, kwa dua na kwa jasho, na mimi nasoma, matokeo yangu unayo. Lakini hakuna aliyeniambia furaha niiache mpakani Horohoro mpaka nitakaporudi. Mtu hawezi kusoma miaka yote hiyo ugenini kwa huzuni tupu, Dada. Anakatika.

Na wewe una watoto. Siku moja watakwenda mbali, pengine mbali kuliko mimi. Ukiona picha mtoto anacheka, kwanza mpigie, muulize amekula nini, analala saa ngapi, nani yuko naye. Mimi hukunipigia. Ungenipigia ungenikuta chooni nalia, maana kile kicheko hakikufika hata jioni. Lakini kilikuwa kicheko cha kweli na sitakiombea radhi. Mama mwenyewe alikuwa akicheka mpaka anashika ubavu, tena misibani, na hakuna aliyewahi kumwambia hana uchungu.

Najua ulichoka. Miezi ile yote ulimgeuza kitandani peke yako, na mimi nilikuwa natuma pole kwa simu. Uchovu wako naujua. Ila ungeniambia mimi, usingeliambia kundi zima.

Likizo nakuja. Mbele ya watu tutasalimiana kama kawaida, shikamoo yako utaipata. Wageni wakishaondoka nataka unieleze mlivyomwosha mama: nani alimimina maji, nani alimsuka nywele, uso wake ulikuwaje. Unieleze yote. Na kama bado una la kunisema kuhusu picha, unisemee humohumo chumbani, mlango umefungwa.