Risala ya Wanachama wa Reli Ndogo, Makadara, kwa Mgeni wa Heshima

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, Bwana Chifu, wazee wa mtaa, Bi. Mwenyekiti wa kamati ya ukumbi, walimu, wazazi, wanachama wenzangu, na nyinyi watoto mlioketi chini hapa mbele ambao tumewaomba mara tatu msiguse reli, itifaki imezingatiwa.

Mheshimiwa, tunakushukuru kwa kufika. Tunakushukuru mara ya pili kwa sababu umefika mwenyewe. Mwaka jana tuliyemtarajia alimtuma msaidizi, msaidizi akamtuma dereva, na dereva, Mungu ambariki, alikaa mpaka mwisho akauliza maswali mazuri sana kuhusu breki. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wenyeji wako tumeugua muda mrefu, na ugonjwa wenyewe tutautaja hivi punde.

Kwanza historia, kwa ufupi. Tarehe 31 Mei 2017 SGR ilipozinduliwa, majirani watatu walikuwa kwenye kibanda cha chai wakibishana kama reli mpya imeizidi ile ya zamani kwa upana kiasi gani. Mmoja wao, mzee aliyestaafu kazi ya relini, alichukua chaki akazichora zote mbili sakafuni kwa vipimo kamili: ya zamani milimita 1,000, mpya milimita 1,435. Mwenye kibanda akawafukuza. Wakaenda kuchora kwenye kipande cha plaiwudi, wakaweka na stesheni, na mpaka leo hawajaacha. Sasa tuko wanachama 31 wa kuunda treni na reli ndogo za mfano, kumi na wawili wakiwa wanafunzi. Historia imeishia hapo.

Mafanikio yetu, Mheshimiwa, ni makubwa. Kwa mwaka mmoja tu mtandao wetu wa reli umepanuka maradufu, maana tulikuwa na stesheni moja na sasa tunazo mbili. Tumejulikana kimataifa: tukiwa Makumbusho ya Reli pale mjini tukipima injini kwa futikamba, mtalii alituomba picha. Na idadi ya treni zetu imefika nne, mbili kati yake zikitembea.

Utuvumilie kidogo tukueleze unachokiona mezani. Kazi yote iko kwenye skeli ya 1:87, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87, ile ambayo wenzetu duniani huiita HO. Kwa skeli hiyo SGR inakuwa njia ya milimita 16.5, nayo reli ya zamani, iliyoanza kutandikwa Mombasa mwaka wa 1896 na kufika Nairobi 1899, inakuwa kama milimita 12. Wenye uraibu huu huko nje wengi huingia dukani wakatoka na treni ndani ya boksi. Sisi hatujaona duka hapa Nairobi linalouza treni ya reli yetu ya zamani, basi tunaiunda wenyewe kwa vitu vya Gikomba, vya Kamukunji na vya Luthuli Avenue.

Ile injini ndefu ya rangi ya damu ya mzee ndiyo fahari yetu ya mwaka huu. Ni injini ya mvuke aina ya Garratt, ya daraja la 59, nambari 5918, Mount Gelai. Yenyewe hasa iko pale Makumbusho, imesimama, unaweza kwenda kuigusa. Injini hizo zilikuwa 34, zikaundwa na kampuni ya Beyer, Peacock kule Manchester, zikaletwa huku katikati ya miaka ya 1950, na kila moja ikapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Uzuri wa Garratt ni kwamba boila linaning'inia katikati ya chasi mbili, tangi la maji mbele, mafuta nyuma, kila chasi ikiwa na magurudumu na mashine yake. Kwa hiyo ina nguvu za injini mbili, lakini kwenye kona hujikunja kama tandu. Yetu ina urefu wa sentimita 36 na kidogo. Boila ni bomba la maji la plastiki. Mota mbili zimetoka kwenye printa zilizokufa. Mzee wetu alitumia miezi saba kuzifanya mota hizo zikubaliane, kwa sababu ya mbele ilikuwa ikikimbia na ya nyuma ikivuta miguu, jambo ambalo alisema aliliona sana alipokuwa kazini.

Ule mlima ni mteremko wa Bonde la Ufa baada ya Limuru. Ni magazeti, unga wa ngano na jasi. Miti ni godoro kuukuu lililokatwakatwa na kutiwa rangi na mama mmoja mshonaji, mwanachama wetu, ambaye awali alikuja kulalamika kuhusu kelele. Udongo mnaouona ni majani ya chai yaliyokwisha kupikwa, yakakaushwa juani. Taa za stesheni, zinazobadilika zenyewe kutoka nyekundu hadi kijani, zimefanywa na msichana wa Gredi ya 8 kwa kifaa cha Arduino, kibodi kidogo cha elektroniki kinachofuata programu. Programu aliiandika kwa simu ya mamake. Upande wa Tsavo tuliweka simba wawili wa mwaka 1898, kila mmoja kimo cha sentimita moja, bila manyoya ya shingoni, kama walivyokuwa. Sasa yuko mmoja. Aliye na mwenzake amrudishe, hatutauliza jina.

Mheshimiwa, sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tukuite.

Hatuna mahali.

Mandhari hii yote imegawanywa vipande 14, kila kimoja sentimita 120 kwa 60. Maonyesho yakiisha jioni hii, vipande vinne vitarudi chini ya kitanda cha mweka hazina, ambaye mumewe amekuwa mvumilivu kupita kiasi na tunaomba asimame mmuone. Vitatu vitapanda juu ya dari la kinyozi. Viwili vitakwenda kwenye posho mill, na ndiyo maana mkiangalia karibu na Kikuyu mtaona theluji, ni unga. Vilivyobaki vitalala barazani kwa mwalimu, vikiwa vimefunikwa turubai. Vinakwenda kwa mkokoteni, na kila mkokoteni ukiruka shimo, sisi tunaofuata nyuma tunaruka nao.

Mtu ambaye hajafanya kazi hii anaweza kudhani ni mbao tu, zinapangwa upya. Hesabu yake ni hii. Kwenye skeli ya 1:87, reli ikihama milimita moja pale vipande viwili vinapokutana, ni sawa na reli ya kweli kuhama sentimita 8.7. Mheshimiwa, reli ya pale stesheni ikihama sentimita nane na kitu, treni ya Syokimau itapita? Basi na yetu haipiti. Jana tulianza kuunganisha saa mbili usiku, tukamaliza saa kumi na moja alfajiri, na bado ile njia ya nyuma haifanyi kazi. Tumeifunika kwa kitambaa cha rangi za bendera ionekane ni pambo. Tumeamua kukuambia ukweli.

Mvua ndiyo mbaya zaidi. Masika yaliyopita plaiwudi ya vipande viwili ilivimba ikapinda kama chapati. Reli ilijinyanyua na mataruma yake. Tuliyakata mataruma hayo moja moja kutoka kwa vijiti vya kiberiti, zaidi ya elfu mbili, na watoto waliyapanga kwa koleo la nyusi. Kule kwa kinyozi panya walikula ganda la waya, umeme wa volti 12 ukapiga shoti, na injini yetu ya pili ikafa hapo hapo. Hatumlaumu kinyozi. Alitusitiri alipoweza.

Tunachoomba ni kontena moja, lililotumika, la futi 40. Tumepima. Ndani lina urefu wa kama mita 12 na upana wa mita 2.35. Vipande saba vikikaa ukuta huu na saba ukuta ule, vinachukua mita 8.4, katikati inabaki njia ya zaidi ya mita moja ya watu kupita, na mwisho inabaki nafasi ya meza ya kulehemu na rafu ya vifaa. Reli ingefungwa mara moja, isifunguliwe tena. Wanafunzi wangekuja baada ya shule, wakute kazi yao walipoiacha jana. Kwa sasa mwanafunzi anayetaka kuendelea na daraja lake la reli anabisha hodi chumbani kwa watu.

Jambo hili si geni katika risala zetu. Lilisomwa katika ukumbi huu miaka mitatu iliyopita, mbele ya mgeni wa heshima wa wakati huo, naye akatuahidi kontena kwa sauti kubwa hata kabla hatujamaliza kusoma. Tulipiga makofi. Tukachanga, tukasawazisha uwanja pale nyuma ya ukumbi, tukamwaga kokoto na kujenga vishikizo vinne vya saruji vya kulibebea. Ukitoka utaviona. Kimoja sasa kinaanikiwa nguo, na kingine kuku wa jirani amekifanya kiti. Tulipofuatilia tuliambiwa kwanza tusajili kikundi. Tukasajili. Tukaambiwa akaunti ya benki. Tukafungua, na inatukata ada kila mwezi kwa kukaa tupu. Tukaambiwa barua ya kamati ya ukumbi, na Bi. Mwenyekiti aliyeketi hapo alitupa siku hiyo hiyo. Tukaambiwa mchoro. Mheshimiwa, ukiomba mchoro kwa watu wanaopima simba kwa milimita, utapata mchoro. Ulikuwa na kurasa tisa. Baada ya hapo tuliambiwa turudi Jumatatu. Haikutajwa ni Jumatatu gani.

Mgeni wa mwaka uliofuata alituletea jezi 22 na mpira mmoja. Tulishukuru kwa moyo wote, na bado tunashukuru. Fundi wetu wa kulehemu ndiye huyo aliyevaa nambari 9. Ila tungependa ijulikane, kwa heshima zote, kwamba mahitaji yetu ya jezi yametimia.

Kulikuwa na methali inayohusu ahadi na deni. Tuliisoma katika risala mbili zilizopita, kwa hiyo mwaka huu tumeipumzisha.

Pengine wapo wanaojiuliza kwa nini mali itumike kwa mchezo wakati mtaa una shida ya maji. Swali ni halali, na hata sisi tunaishi kwenye mtaa huo huo na mitungi yetu iko kwenye foleni. Jibu letu ni hili. Marekani, katika chuo cha MIT, kundi la wapenzi wa reli ndogo lilianzishwa mwaka wa 1946. Chumba chao kilikuwa ndani ya Building 20, jengo la muda lililosimamishwa wakati wa vita, la mbao, ambalo hakuna aliyelitamani. Vijana waliokuwa wakilala chali chini ya meza kuunganisha swichi za treni ndio hao hao waliokuja kukesha kwenye kompyuta za kwanza za chuo. Mmoja wao, Steve Russell, ndiye aliyeongoza kuandika Spacewar! mwaka wa 1962, mmoja wa michezo ya kwanza kabisa ya kompyuta. Kule Hamburg, Ujerumani, Miniatur Wunderland ilifunguliwa mwaka wa 2001 katika ghala la zamani karibu na bandari, na leo ina treni zaidi ya elfu moja na watu husafiri kutoka mbali kwenda kuiona. Hatusemi tutakuwa Hamburg. Tunasema wote hao walikuwa na mlango wa kufunga jioni.

Na msichana wetu wa taa za stesheni anauliza kila wiki kama kontena limefika. Watu wazima tumejifunza kubadilisha mada. Yeye bado hajajifunza.

Mheshimiwa, nyaraka zote tumezikusanya katika bahasha moja: cheti cha usajili, barua ya ukumbi, taarifa ya benki, mchoro wa kurasa tisa, na bei za wauzaji watatu wa makontena, zikiwa na tarehe za wiki hii. Usafiri tutalipa wenyewe. Kufungua madirisha tutafungua wenyewe, tuna mafundi. Stima tutavuta kutoka ukumbini, tumeshakubaliana. Tumejitahidi isibaki karatasi ya kutufanya turudi Jumatatu. Kama jibu ni ndiyo, tunaomba tarehe. Kama jibu ni hapana, tunaomba uliseme leo, nasi tutakupikia chai vilevile, kisha tutavunja vile vishikizo tupande sukuma.

Sasa tunakukaribisha kwa unyenyekevu mkubwa uje mezani uendeshe Mount Gelai kutoka Nairobi hadi Limuru. Tafadhali usizidishe kasi ukifika kwenye kona ya tatu. Hapo ndipo plaiwudi ilipovimba, na mzee ana shinikizo la damu. Swichi nyekundu ni ya treni. Bahasha iko upande wa kushoto wa swichi, na kalamu tumeifunga kwa uzi.

Imesomwa na Katibu, kwa niaba ya wanachama.