Nani hulipia mpira wa kikapu katika vyuo vya kati vya Marekani?

Mhariri,

Kila ifikapo Machi, kurasa za michezo za magazeti yetu, lako likiwamo, hutusimulia kwa furaha jinsi chuo kisichojulikana cha Marekani kilivyokiangusha chuo kikubwa katika mashindano ya kitaifa ya mpira wa kikapu. Nami hufurahi. Mwaka 2022 nilikesha nikifuatilia safari ya Saint Peter's, chuo kidogo cha Jersey City, kilichokitoa chuo kikubwa cha Kentucky kikafika hatua ya timu nane bora. Haukupita muda kocha wake akawa amehamia chuo kingine, Seton Hall. Naomba nafasi nizungumzie jambo ambalo kurasa hizo huliruka, yaani mfuko unaolipia timu za namna hii.

Binti wa marehemu dada yangu anasomea uuguzi katika chuo kikuu cha umma huko Marekani, chuo ambacho sitakitaja, na ankara yake ya kila muhula hunifikia kwa simu kwa kuwa mimi ndiye ninayemsomesha. Agosti iliyopita niliisoma mstari kwa mstari, kama nilivyokuwa nikisoma vitabu vya vyama vya ushirika enzi za ukaguzi wangu. Chini ya karo na bima ya afya nikakuta ada ya michezo, dola 612. Binti huyu hajawahi kukanyaga ukumbi wa mpira wa kikapu wa chuo chake, kwa sababu jioni za mechi huwa zamu maktabani, akirudisha vitabu kwenye rafu.

Vyuo vikubwa vina fedha za televisheni na viingilio. Vyuo vya kati, yaani vyuo vikuu visivyo miongoni mwa vigogo wa michezo, ambavyo ndivyo vingi kati ya vyuo zaidi ya 350 vya daraja la kwanza la michezo ya vyuo, havina fedha hizo za kutosha, na mara nyingi sehemu kubwa ya bajeti yao ya michezo hutoka kwenye ada za wanafunzi na ruzuku ya chuo chenyewe. Mapato wanayojivunia ni membamba. Novemba timu husafiri kwenda kucheza ugenini dhidi ya chuo kikubwa, bila ahadi ya mechi ya marudiano, ikafungwa kwa pointi thelathini au arobaini na kurudi na hundi ambayo aghalabu huwa kati ya dola 80,000 na 100,000. Machi nayo, chama cha michezo ya vyuo, NCAA, hulipa takriban dola milioni 2 kwa kila mechi ambayo timu inacheza kwenye mashindano, isipokuwa fainali. Lakini fedha hizo hupelekwa kwenye ligi ya chuo husika na hulipwa kwa miaka sita. Ligi ndogo yenye vyuo kumi, ikiwa imeingiza timu moja iliyotolewa siku ya kwanza, ikigawa sawasawa, itakipa kila chuo kama dola 33,000 kwa mwaka. Hata hundi moja ya Novemba inazidi hapo.

Sheria ya shirikisho ya mwaka 1994 inavitaka vyuo vinavyopokea wanafunzi wenye misaada ya serikali kutangaza kila mwaka mapato na matumizi ya michezo. Nimezifungua taarifa za vyuo kadhaa. Katika nyingi, mapato na matumizi vinalingana hadi dola ya mwisho, na mkaguzi yeyote akiona hesabu imetulia kiasi hicho huvuta kiti akae. Siri yake si kubwa: ruzuku ya chuo na ada za wanafunzi huhesabiwa kuwa mapato, hivyo pengo huzibwa kabla msomaji hajaliona. Hakuna aliyevunja sheria. Jimbo la Virginia angalau lilipitisha mwaka 2015 sheria ya kuweka ukomo wa sehemu ya bajeti inayoweza kutoka katika vyanzo hivyo viwili.

Mzigo huu utaongezeka. Tangu Julai 2025, kufuatia makubaliano yaliyoidhinishwa na mahakama, vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Siwaonei wivu vijana hao, kwani jasho ni lao. Ila chuo cha kati kinachotaka kubaki na mchezaji wake bora kitazitoa wapi fedha hizo, kama si kwenye mstari ule ule wa ankara?

Wapo waliopiga hesabu wakaamua kujitoa. Chuo cha Hartford kilifuzu kwa mara ya kwanza mashindano ya Machi 2021, kikatolewa na Baylor waliokuja kuwa mabingwa, na Mei bodi yake ikapiga kura ya kushuka hadi daraja la tatu, la chini kabisa. Saint Francis ya Pennsylvania ilitangaza uamuzi kama huo Machi 2025, siku chache tu baada ya timu yake kucheza katika mashindano hayo. Mashabiki waliumia, lakini walau swali liliulizwa mezani.

Mpwa wangu aliandika kwa ofisi ya fedha ya chuo chake akiomba mchanganuo wa zile dola 612. Alijibiwa kwamba ada hiyo huimarisha maisha ya wanafunzi chuoni. Ameandika tena, na safari hii nimemsaidia kuyapanga maswali.

Mkaguzi mstaafu,
Tanga