Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wakusanyaji wa Santuri, Mombasa

Wazee wetu, mabibi na mabwana, ndugu wanachama,

Assalamu alaykum, na hamjambo nyote.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha nazo. Tumekutana kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, mara 12. Tumesikiliza zilipendwa, tumebadilishana sahani za santuri, tumewazika wenzetu wawili, Mungu awarehemu. Agosti tulikwenda Nairobi kupekua vibanda vya Kenyatta Market na duka la Melodica, tukarudi na sahani 47. Yote yamo katika kumbukumbu za Katibu.

Nije kwenye lililowaleta wengi wenu leo, maana sijaona ukumbi umejaa hivi tangu tuuzindue. Ni zile sahani 186 zilizouzwa Oktoba.

Imesemwa kwamba Mwenyekiti ameuza urithi wa Pwani kwa mzungu. Zilizouzwa zilikuwa nakala za ziada, yaani sahani ambazo chama kilikuwa nazo mbili, tatu, na kuna moja tulikuwa nazo saba. Kati ya 186, zilizokuwa safi upande A na B ni 23 tu. Nyingine 61 zilikuwa zimepinda kwa kulazwa chali chini ya paa la mabati, 40 zilikuwa na mikwaruzo inayosikika wimbo mzima, na zilizobaki ni zile za baa, ambazo sindano ilikuwa haibadilishwi mpaka ikatike, na mifereji yake, yaani mistari inamopita sindano, imelika kabisa. Sahani ya baa huijui kwa macho. Inang'aa, lakini ukiicheza sauti ya mwimbaji inapasuka kila anapopandisha, na hakuna sabuni ya kuiponya. Tulipata shilingi 148,800, wastani wa shilingi 800 kwa sahani. Wanaosema zinauzwa Ulaya kwa bei mara kumi wasema kweli, ila hizo ni zile 23, na wakumbuke nani analipa posta na nani anarudishiwa sahani mteja akilalamika.

Fedha zimetumika hivi: mashine ya kuchezea sahani 42,000, sindano tatu 19,500, mifuko ya plastiki 2,000 kwa shilingi 15, jumla 30,000, na mashine ya kukausha unyevu chumbani 38,000. Zimebaki 19,300, ziko benki, risiti anazo Bi Mhazini.

Kuhusu mashine, wapo waliouliza ile ya zamani ilikuwa na kasoro gani. Ile tuliletewa zawadi kutoka Marekani na tunamshukuru aliyeileta. Lakini mota yake inakwenda kwa mapigo ya umeme wa ukutani. Kule umeme ni hezi 60, yaani mapigo 60 kwa sekunde, hapa kwetu ni 50. Transfoma ilishusha volti 240 zikawa 120, sawa, ila transfoma haigusi hezi. Kwa hiyo sahani ya 45, yaani ya kuzunguka mara 45 kwa dakika, ilikuwa inazunguka mara 37 na nusu, na kila wimbo umeshuka nusutoni tatu na ushei. Ndiyo sababu Fadhili William alikuwa akisikika kama mzee mwenye mafua, na baadhi yenu mkasema eti sahani ndiyo mbovu. Dawa ni kubadilisha puli ya mota iwe pana zaidi, kwa uwiano wa 6 kwa 5. Tulichongesha moja ya shaba, tundu likatoka pembeni kidogo ya kati, sauti ikawa inayumba kama dau. Mashine mpya ina mota ya DC, yaani ya umeme wa mkondo mmoja kama wa betri, haijali hezi. Nasema haya kwa sababu kuna mjumbe amesambaza kwamba Mwenyekiti alitaka tu kitu kipya cha kuwekea sebuleni kwake. Mashine iko ofisini. Njooni muione, kama mtakuja.

Sindano nazo si anasa. Moja ni ya sahani za mzunguko 78, yenye ncha ya maikroni 70 hivi. Mbili ni za ncha ya duara ya maikroni 25, kwa zile 45 za mono, yaani za sauti ya njia moja, za miaka ya 1960, maana mfereji wake ni mpana. Ukitia sindano nyembamba ya kisasa inashuka hadi chini kabisa ya mfereji kwenye vumbi la miaka 60, na unachosikia ni mchanga. Uzito tunaoweka kwa hizo mono ni gramu 3. Tafadhali msibandike sarafu juu ya kichwa cha sindano sahani ikiruka. Nimeikuta ya shilingi 10 mara mbili.

Sasa kosa, na ninalisema mwenyewe kabla halijasemwa kutoka sakafuni. Kati ya zile 186, moja haikuwa nakala. Ilikuwa sahani ya bendi ya Tanzania iliyopigwa chapa Nairobi, lebo ileile, namba ileile, rangi ileile na ile tuliyobaki nayo. Mwenzetu mmoja alikuwa ameirekodi kwenye simu kabla haijaondoka, akaja kulinganisha: upande B wa ile iliyouzwa gitaa linaendelea kwa sekunde 40 hivi zaidi, na hii yetu inafifishwa mapema. Maana yake mojawapo ilikuwa imechongwa upya kiwandani. Tulihesabu kwa lebo, na lebo haitoshi. Kuanzia sasa nakala haiitwi nakala mpaka vitu vitatu vikubaliane: namba ya lebo, namba iliyochongwa kwenye ukingo mtupu kati ya mwisho wa wimbo na lebo, isomwe kwa tochi iliyoinamishwa pembeni, na muda wa pande zote mbili kwa saa. Pande zote mbili, nasisitiza, kwa sababu nyimbo nyingi za dansi zilikatwa sehemu ya 1 na ya 2, mashairi huku, gitaa na mipigo ya kuchezea kule, na mtu akisikiliza upande mmoja amesikia nusu ya wimbo.

Lakini niulize pia: uchambuzi wa sahani za kuuzwa ulifanywa na nani? Uliitishwa Jumamosi tatu. Ya kwanza walikuja wanne, ya pili wawili, ya tatu nilikuwa mimi na Bi Mhazini na sahani 1,300 mezani. Waliopiga kelele zaidi Novemba sikuwaona hata mmoja.

Mwaka huu zimeoshwa sahani 640, nyingi kwa mikono ya anayeandika taarifa hii. Narudia utaratibu kwa sababu unavunjwa. Maji yaliyotolewa chumvi, yale ya kuongezea betri ya gari, lita 1. Spiriti safi ya isopropili mililita 200. Sabuni ya vyombo matone 3. Brashi laini, fuata mzunguko wa mfereji, usikate mkato, kisha suuza kwa maji hayohayo bila sabuni. Lebo ifunikwe kwa kifuniko cha upana wa sentimita 9 au zaidi, wino wa lebo nyingi za Nairobi unatoka. Maji ya kisima hapana. Visima vya mji huu vina chumvi, ikikauka ndani ya mfereji inapigapiga kama mahindi kwenye kikaango. Na spiriti isiguse 78 hata tone. Zile, za enzi ya Siti binti Saad aliyekwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, ni za laki, aina ya utomvu mgumu, na spiriti inaiyeyusha. Moja imeshakuwa ya kijivu, haiimbi tena. Aliyeiosha anajijua.

Daftari la hadithi za nyimbo limefika ukurasa wa 112 na limetugombanisha pia. Msimamo wa kamati ni kwamba jina chini ya kichwa cha wimbo kwenye lebo linaandikwa kama dai, si kama uthibitisho wa mtunzi. "Malaika" lebo inampa Fadhili William, na dai la Adam Salim linaandikwa ukurasa huohuo. "Shauri Yako" Super Mazembe waliipiga wakaivumisha, lakini mtunzi ni Nguashi Ntimbo. "Helule Helule" ya Daudi Kabaka waliichukua The Tremeloes wa Uingereza mwaka 1968, na tungependa kupata sahani zote mbili zikae pamoja. "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms msiniletee tena hadithi za mtalii fulani hotelini, ukurasa umejaa.

Ada. Tuko 58, ada ni 3,600 kwa mwaka, zilipaswa kuingia 208,800. Zimeingia 95,100. Waliolipa yote ni 19, nusunusu 22, na 17 hawajatoa hata senti. Deni ni 113,700. Tungekuwa na fedha hizo, hakuna sahani ambayo ingeuzwa, na mjadala wa leo usingekuwapo. Mahudhurio ya kawaida ni watu 14, na kwenye WhatsApp ni 58 "tuko pamoja Mwenyekiti".

Mwakani, Mungu akipenda, tunatarajia kuanza kunakili sahani kwenye kompyuta, pengine kushirikiana na redio moja ya hapa, na ikiwezekana kupata chumba kikubwa zaidi. Kamati italitazama.

Sahani 31 za azima ziko nje, nyingine tangu Machi. Zirudishwe kabla ya uchaguzi wa chama, zikiwa zimesimamishwa wima kwenye boksi, sio kwenye kiti cha nyuma cha tuktuk juani.

Wenu,
Mwenyekiti