Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Watoto Wenye Selimundu Wapimwe Mishipa ya Ubongo

Mheshimiwa Waziri,

Ninakuandikia kutoka Uyole, Mbeya, nikiwa mama wa binti wa miaka tisa anayeishi na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi ambao wengi wetu huku tunauita sikoseli. Asubuhi moja ya baridi ya Julai, miaka miwili iliyopita, alikuwa akinywa uji kijiko kikamponyoka. Nilipomwambia akiokote alinitazama tu, mdomo umepinda upande mmoja, na neno halikutoka. Kilikuwa kiharusi. Tangu uchanga wake hatukuwahi kukosa tarehe ya kliniki, lakini hakuna aliyetueleza kwamba kipo kipimo ambacho kingeweza kuiona hatari ile mapema. Simlaumu muuguzi wala daktari yeyote, kwa sababu walitupa kile walichokuwa nacho.

Kipimo chenyewe si kigeni. Mwaka 1982 Rune Aaslid na wenzake walionyesha kwamba mawimbi ya ultrasaundi ya megahezi 2 yanaweza kupenya fuvu pale mfupa ulipo mwembamba, kati ya jicho na sikio, na kupima kasi ya damu katika mishipa mikubwa ya ubongo, bila sindano wala mionzi. Mshipa ukisinyaa damu huenda mbio zaidi, kama maji ya mpira wa bustani unapoubana mdomo wake. Kwa mtoto mwenye selimundu, wastani wa kasi ulio chini ya sentimita 170 kwa sekunde ni wa kawaida. Ukifika 200, hatari ya kiharusi ni kubwa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1998 ulithibitisha kwamba kuwaongezea damu mara kwa mara watoto waliofikia kiwango hicho hupunguza kiharusi cha kwanza kwa zaidi ya asilimia 90.

Ninajua wapo watakaosema tusubiri hadi mashine za MRI, zinazopiga picha za ndani ya mwili kwa nguvu ya sumaku, zienee. Ninaiheshimu MRI, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha umbo la mshipa uliosinyaa pamoja na vile viharusi vya kimya ambavyo mzazi hawezi kuviona kwa macho. Tena, utafiti wa mwaka 2016 ulioonyesha kwamba watoto waliokwisha kuongezewa damu kwa mwaka mmoja au zaidi wanaweza kuhamishiwa dawa ya haidroksiyurea uliwahusu wale tu ambao picha za MRI hazikuonyesha mishipa iliyoharibika vibaya. Lakini mashine hiyo ni ghali, na mtoto mdogo asiyeweza kutulia ndani yake huhitaji dawa ya usingizi. Ultrasaundi itangulie kuwachuja watoto, na MRI ibaki kwa wale ambao kasi yao inatisha.

Kwa hiyo ninaomba kila hospitali ya rufaa ya mkoa katika Mbeya, Iringa, Njombe, Songwe na Rukwa iwe na kifaa cha Dopla, yaani ile ultrasaundi ya kupima kasi ya damu ya ubongo, na angalau wataalamu wawili waliofundishwa kukitumia, ili kipimo kisisimame mmoja anapokwenda likizo. Mafunzo hayo ni muhimu kuliko hata kifaa, maana mtoto anayelia, aliyesinzia au mwenye homa hutoa namba isiyoaminika, na mashine za kawaida za ultrasaundi, hata zikifungwa kichwa cha kupimia kinachofaa, husoma kasi pungufu kidogo. Watoto wa miaka 2 hadi 16 wapimwe kila mwaka, na namba iandikwe kwenye kadi ya kliniki ambapo mzazi ataiona.

Binti yangu sasa anaandika kwa mkono wa kushoto. Mdogo wake, mwenye miaka mitatu, naye ana selimundu, na bado hajapimwa; tarehe yake ya kliniki ni Alhamisi ya kwanza ya mwezi ujao.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mama wa watoto wawili wenye selimundu,
Uyole, Mbeya