Manukuu yakishachomwa kwenye video hayarekebishiki

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na watengenezaji wa video wanaoweka manukuu, yaani yale maandishi yanayopita chini ya picha, hasa wale wanaoyachoma ndani ya picha yenyewe yasiweze kuondolewa tena.

Mdogo wangu ni kiziwi. Wiki chache zilizopita tulitazama pamoja somo la huduma ya kwanza ambalo manukuu yake yalikuwa yamechomwa. Mwanzoni mambo yalikwenda sawa, lakini kadiri somo lilivyoendelea maneno yalizidi kubaki nyuma, hata kufikia dakika ya 20 mkufunzi alikuwa ameshaanza kufunga banzi kwenye mguu uliovunjika, ilhali maandishi yangali yanaeleza namna ya kumwagia maji mtu aliyeungua. Mdogo wangu akaniuliza kwa ishara afuate kipi, picha au maneno. Mimi ninayesikia sikupungukiwa na chochote. Aliyeachwa njiani ni yule ambaye maandishi yale yaliwekwa kwa ajili yake.

Kwa kuwa kuandaa manukuu ndiyo kazi yangu ya kila siku, nilirudisha video nyuma nikapima kwa saa. Sentensi iliyotamkwa dakika ya 20 ilijitokeza sekunde 51 baadaye, na hesabu hiyo ilinionyesha kosa lilipo. Faili ya manukuu ni maandishi matupu: kila kifungu kina namba yake, saa ya kuanza na saa ya kuisha hadi sehemu ya elfu ya sekunde, kwa mfano 00:01:12,500 hadi 00:01:15,200. Faili hiyo haiijui picha, inafuata saa tu. Mtu akiandaa manukuu kwa kutumia nakala ya video inayokwenda kwa fremu, yaani picha moja moja zinazounda video, 23.976 kwa sekunde, kisha akayachoma kwenye nakala ya picha zilezile iliyoharakishwa hadi fremu 25, video itakimbia na maneno yatachelewa kwa zaidi kidogo ya asilimia 4. Ndani ya dakika moja ya kwanza tofauti haifiki sekunde tatu, na mtengenezaji aliyeonja mwanzo tu anaweza kuridhika kwamba kazi imekamilika. Baada ya saa nzima, maneno yako nyuma kwa dakika mbili na nusu.

Kosa la namna hii halitibiwi kwa kusogeza manukuu yote mbele au nyuma kwa sekunde kadhaa, ingawa hilo ndilo jambo la kwanza ambalo wengi hulijaribu. Kusogeza kunafaa pale tu ambapo tofauti ni ileile kuanzia mwanzo hadi mwisho. Tofauti inayokua lazima irekebishwe kwa kuzidisha kila saa iliyomo kwenye faili kwa uwiano wa kasi hizo mbili, na programu nyingi za kuhariri manukuu hufanya hivyo kwa hatua moja. Ikiwa maneno yanalingana vizuri kisha yanaruka ghafla mahali fulani, hapo kuna kipande kilichokatwa au kuongezwa baada ya manukuu kuandaliwa, na vinavyohitaji kusogezwa ni vifungu vinavyofuata tu. Kwa sababu hiyo video ikatwe kwanza, na uchomaji uwe hatua ya mwisho kabisa, baada ya kukagua mwanzo, katikati na mwisho.

Sipingi kuchoma. Zipo simu na runinga zisizosoma manukuu yaliyofungwa pembeni, yaani yaliyowekwa ndani ya faili ya video bila kuchorwa kwenye picha, na video inayopita mikononi mwa watu wengi hupoteza kwa urahisi faili iliyoambatana nayo. Maandishi yaliyochomwa humfikia kila mtu. Lakini kuchoma kunamaanisha kila fremu kuchorwa na kubanwa upya, na kila ubanaji wa namna hiyo hupunguza ubora kidogo, jambo ambalo halitokei manukuu yanapofungwa pembeni. Maandishi yakishakuwa sehemu ya picha, hakuna kitufe cha kuyazima wala saa ya kusogeza.

Ombi langu, basi, ni kwamba kila anayechoma manukuu ahifadhi video yake safi pamoja na faili ya manukuu, na ikiwezekana aziweke zote mbili mahali ambapo watazamaji wanaweza kuzipata. Nilimwandikia mtayarishaji wa somo lile nikijitolea kurekebisha muda bila malipo. Alinijibu kwa uungwana kwamba amebaki na nakala iliyochomwa peke yake, kwani zile nyingine alizifuta ili kupata nafasi kwenye kompyuta. Nimemwandalia mdogo wangu manukuu mapya, kifungu kwa kifungu, lakini ili yasomeke nimelazimika kuyafunika yale ya zamani kwa utepe mweusi sehemu ya chini ya picha, na utepe huo unaficha mikono ya mkufunzi kila anapofunga bandeji.

Wako,
Msomaji na mwandaaji wa manukuu